Siku Arobaini na Moja za Kisuna

Siku ya kwanza kazini, Elinaja Ntandu hakukabidhiwa kompyuta wala funguo za ofisi. Alikabidhiwa penseli. Mzee Msengi, mkuu wa watabiri wa hali ya hewa wa kanda za kati, aliichonga mwenyewe kwa wembe, akapuliza vumbi la mbao, akampa pamoja na daftari la jalada gumu. Kisha akamtoa nje kwenye baraza ya kituo, juu ya jabali linalotazama mji wa Singida, akamwambia atazame mbingu mpaka awe na la kusema.

"Macho kwanza," alisema. "Shangazi baadaye."

Shangazi ni mtambo wa utabiri. Kwenye nyaraka za serikali una jina refu la heshima, lakini nani ana pumzi ya kulitamka? Watu waliuita Shangazi kwa sababu unajua habari za kila shamba, unaongea kwa uhakika, na ukibishana nao unaonekana huna adabu. Mvua itaanguka upande gani wa zizi lako, Shangazi anajua. Sasa ukishakuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, penseli ya nini? Vijana wote wa chuo walijiuliza hivyo, Elinaja akiwemo, na Elinaja ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

Mzee Msengi hakuwa mtu wa maelezo marefu. Kila siku saa tatu asubuhi mtabiri atoke nje, atazame, apime, aandike dhana yake kwa penseli. Akishamaliza ndipo afungue skrini aone Shangazi kasema nini. Wakikubaliana, vizuri. Wasipokubaliana, vizuri zaidi, maana hapo pana jambo la kujifunza. Na ole wake atakayefungua skrini kwanza.

Elinaja aliandika: Upepo kusini mashariki, mawingu machache ya juu, leo hakuna kitu. Alipofunga daftari moyo ulimchoma kidogo, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba hakuzima jiko. Ulimchoma kidogo tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana kazi ya serikali, na mama yake alikwisha kutangaza kanisani. Akaingia ndani kunywa chai.

* * *

Hapa lazima nieleze habari za mbegu, maana bila mbegu hakuna kisa.

Zamani mkulima wa ukanda ule alikuwa akicheza pata potea na mvua ya kwanza. Inanyesha Novemba siku mbili, kumbikumbi wanaruka, watu wanapanda, halafu jua linawaka wiki tatu na kila kilichoota kinaungua. Siku hizi mtu anapanda kwenye vumbi, mwezi wa kumi, mbegu yenye gamba la buluu lisilopitisha maji. Mvua ya uongo inyeshe inavyotaka, mbegu imelala. Mvua ya kweli ikifika, mtabiri wa kanda anabonyeza muhuri wake kwa kidole gumba, minara inatoa ishara ambayo sikio la binadamu haliisikii, na kila gamba katika kanda nzima linapasuka siku hiyohiyo. Watu huiita Siku ya Kuamsha. Hupika, hualikana. Ila mbegu ikishaamka hairudi kulala. Isipopata maji ndani ya siku saba imekwisha, na ghalani hakuna nyingine mpaka mwaka ujao.

Ndiyo maana sheria ilikataa kumwachia Shangazi kazi hiyo peke yake. Lazima mkono wa mtu.

Elinaja alipewa muhuri wa Kanda ya Sita, kaya elfu kumi na moja, pamoja na bonde la Kisuna. Kisuna alipajua. Ndiko alikofanya mafunzo ya vitendo mwaka uliotangulia, miezi sita, akilala kwa mjane mmoja aitwaye Mama Sima, mkulima wa mtama na alizeti, mwanamke mwenye maneno machache na mikono mikubwa.

Kazi ya Kisuna ilikuwa ya miguu. Kulikuwa na mashimo saba yaliyofunikwa kwa bati, kuanzia mlimani hadi chini kwenye korongo. Setilaiti zinaona mengi, lakini chini ya mawe ya Kisuna haziwezi kuona. Kwa hiyo kila siku mwanafunzi aliteremka, akachomeka kijiti cha chuma chenye alama kumi, akakivuta, akaangalia udongo umeloa mpaka alama ya ngapi, akaandika, akaenda shimo linalofuata. Kwenda na kurudi ni saa nne. Shangazi naye alikuwa na makadirio yake ya kila shimo, na kijiti kilikuwa cha kumsahihisha.

Miezi miwili ya kwanza, mvua zikiwa bado zinanyesha, Elinaja aliteremka kila siku bila kukosa, na kila siku aliona kijiti chake na makadirio ya Shangazi vinapishana kwa unywele tu. Mvua zilipokatika, akateguka kifundo cha mguu kwenye mawe. Mama Sima alimkanda kwa maji ya moto ya chumvi, jioni na asubuhi. Siku ya kwanza ya mguu Elinaja alifungua skrini, akanakili namba saba za Shangazi, akaongeza nukta hapa na kupunguza pale ili zionekane zimetoka kwa mtu. Siku ya pili akafanya vilevile. Mguu ulipona siku ya kumi na mbili, lakini kunakili kulikuwa kumekwisha kuwa tamu, na kuliendelea hadi siku ya arobaini na moja, ilipotangazwa kwamba mkaguzi anakuja. Mkaguzi hakuona kitu. Mwisho wa mafunzo Elinaja alipewa cheti cha mpimaji bora wa mwaka.

* * *

Katikati ya Novemba mvua ilinyesha kanda zote za kati, siku mbili mfululizo. Kumbikumbi waliruka mpaka wakajaza taa za mji. Mama Sima, ambaye hapigi simu ovyo, alipiga. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za kazi, ndipo akafika kwenye shida yake: watu wa bondeni wanataka kujua wanaamsha lini. Elinaja alimjibu kwamba bado wanaangalia. Mama Sima akasema sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua, sisi tunakusikiliza wewe.

Asubuhi ya tatu, saa tatu kamili, Elinaja alisimama barazani na daftari lake. Jabali lilikuwa limekauka tayari. Alilowesha kidole, akakiinua, ingawa chombo cha upepo kilikuwa hatua tano kutoka alipokuwa. Upepo ulikuwa uleule wa kiangazi, wa kusini mashariki, mkavu. Aliandika: Mvua hii ni ya kupita. Bado.

Akaingia, akafungua skrini. Shangazi alikuwa ameandika: Kanda ya Sita, amsha. Uhakika, tisini na saba kwa mia. Mwisho wa kutia muhuri, saa sita mchana.

Tofauti kubwa namna hiyo hakuwahi kuiona. Basi akafanya jambo ambalo watabiri wengi hawalifanyi, maana ni refu na linachosha: akamwomba Shangazi ataje sababu zake. Orodha ikashuka. Ya kwanza kabisa ilisema hivi: Udongo wa Kisuna na mabonde ya aina yake hushika maji siku ishirini na mbili baada ya mvua kukatika, miche itaishi hata upepo usipobadilika mapema. Shahidi: vipimo vya mkono, siku arobaini na moja mfululizo. Mpimaji: E. Ntandu. Uaminifu: kamili.

Elinaja aliisoma mara tatu.

Alielewa mara moja, maana alikuwa amefundishwa vizuri. Mwaka jana Shangazi alikuwa na shaka na bonde lile. Hakujua mawe yale yanamwaga maji upesi au yanayashika, akakisia tu kwamba yanayashika, akamtuma mtu akahakikishe. Mtu akamrudishia maneno yake mwenyewe. Siku arobaini na moja Shangazi alijisikia akisema, akadhani amesikia ushahidi, na shaka yake ikaisha.

Sasa, njia zilikuwa mbili. Angeweza kwenda kwa Mzee Msengi akasema yote. Sheria ya kughushi kipimo ni fupi, kila mwanafunzi anaijua kwa moyo: muhuri unarudishwa na hutautia tena. Au angeweza kusema ukweli nusu. Upepo ni ukweli. Daftari ni ukweli. Nani alilazimika kujua zaidi ya hapo?

Alichukua daftari, akaenda ofisini kwa mkuu wake, akamwonyesha ukurasa. Alisema macho yake yanakataa, kwamba upepo haujageuka, kwamba Kanda ya Sita isubiri. Mzee Msengi aliivaa miwani, akasoma, akainuka akatoka hadi barazani, akalowesha kidole na kukiinua, akarudi. Kisha akachukua chupa ya chai na kummiminia Elinaja kikombe kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale kituoni.

"Nimengoja miaka mingi," alisema, "kijana atakayembishia Shangazi kwa daftari lake. Kunywa chai, binti. Kanda ya Sita isubiri."

Elinaja aliinywa. Ilikuwa chungu, lakini aliimaliza.

Akarudi mezani kwake, akakaa. Kisuna imepona, cheti kimepona, Mama Sima hatapoteza mtama wake. Kwa muda wa saa nzima hivi Elinaja alikuwa na amani, na naomba msomaji asimhukumu haraka kwa amani ile, maana wengi wetu tumewahi kulala usingizi mzuri juu ya godoro la namna hiyo.

Meza ya mbele yake ilikuwa ya Lushinge, Msukuma aliyesoma naye darasa moja, mtabiri wa Kanda ya Tisa. Kwa kuwa Wasukuma na Wanyaturu ni watani, walikuwa wakichokozana tangu chuoni. Lushinge alimwambia kwamba amesikia Mnyaturu kaogopa mvua, na kwamba angejua mapema angemletea mwavuli. Yeye mwenyewe penseli yake ilikuwa imeandika "labda". Lakini Shangazi kampa tisini na tano, na penseli ya mtu aliyeandika labda haina ubavu mbele ya tisini na tano. Alikuwa akitafuta muhuri wake kwenye droo.

Hapo Elinaja akaikumbuka ile sentensi. Mabonde ya aina yake. Kanda ya Tisa ni mabonde ya mawe matupu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Lushinge, subiri kidogo."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi, fupi, maneno matano au sita.

"Upepo," alisema Elinaja.

Lushinge akacheka kwa upole. Upande wake upepo ulikuwa umelegea tangu alfajiri, karibu kutulia kabisa, na alimwonyesha hata namba. Kisha akaweka kidole gumba juu ya muhuri. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Ukutani, kwenye ramani kubwa ya kanda, namba tisa ilibadilika kuwa kijani. Hakuna sauti iliyosikika. Nyuma ya vilima vya magharibi, katika mashamba ya kaya elfu tisa, mbegu zilikuwa zinaamka.

Kanda nyingine zilikuwa bado hazijatiwa muhuri, na mbili kati yake, ya Nne na ya Saba, zina mawe vilevile.

Elinaja aliinuka. Hakukimbia. Alitembea hadi kwa Mzee Msengi na kusimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Mzee, zuia kanda zote."

"Upepo tena?"

"Si upepo, Mzee. Ni mimi."

Akamweleza. Alieleza mashimo saba, mguu, nukta alizoongeza na kupunguza, na sababu ya kwanza kwenye orodha ya Shangazi. Alipofika kwenye mabonde ya aina yake, mzee alinyoosha mkono, akafungua kifuniko cha kitufe chekundu kilichoko kwenye kila ofisi ya mkuu wa watabiri na ambacho Elinaja hakuwahi kukiona kikiguswa, akakibonyeza. Ramani nzima ikawa ya kijivu, isipokuwa namba tisa. Ya tisa ilibaki kijani, maana huko hakukuwa tena na cha kuzuia.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Asubuhi hii uliponiletea daftari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakumiminia chai."

Machozi yalimtoka Elinaja, na hakuyafuta.

"La mwaka jana ulilifanya ukiwa mwanafunzi," alisema Mzee Msengi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. "La leo umelifanya ukiwa mtabiri. Muhuri weka mezani. Penseli, baki nayo."

* * *

Jua liliwaka. Siku ya saba ilipita, ya nane ikapita. Kanda ya Tisa miche ilitoka mizuri, ya kijani, kwa siku nne, halafu ikainama, na hakuna wa kuiinua. Lushinge hakumsuta Elinaja, na wala hakumtania tena. Mchana alikula peke yake.

Baraza la nidhamu lingekaa Januari. Kwa sasa palikuwa na kazi ambayo haikungoja baraza. Siku arobaini na moja za uongo zilikuwa zimeng'olewa kwenye kumbukumbu za Shangazi, na palepale zilipong'olewa pakabaki pengo. Pengo hilo halikuzibika kwa kitu kingine isipokuwa siku arobaini na moja za kweli, za kijiti na miguu, na Mzee Msengi aliandika kwa mkono wake nani atakwenda kuzipima. Alimnyima pia kifaa cha kumfungulia Shangazi. Ataandika kwa penseli, na daftari litapelekwa mjini kila wiki.

Elinaja alifika Kisuna asubuhi ya siku ya kumi. Shamba la Mama Sima liko njiani, juu kidogo ya shimo la kwanza. Alimkuta ameinama na kijembe, beseni pembeni. Alikuwa anafukua. Amri ilikuwa imepita kanda zote ambazo mbegu zilikuwa bado zimelala: katika kila mistari kumi, mmoja ufukuliwe, mbegu zipelekwe Kanda ya Tisa, ili wale nao wapate chochote cha kuweka ardhini mvua za kweli zitakapokuja. Ndani ya beseni punje za buluu zilifunika chini tu. Kufukua mstari mmoja kulikuwa kumemchukua tangu alfajiri.

Elinaja alimwamkia. Mama Sima aliitikia marahaba, akajinyoosha mgongo, akamtazama kwa furaha kabisa, akasema amekonda, akauliza kama mguu unamsumbua bado. Kisha akaeleza kwamba watu wa bondeni wamefanya bila kinyongo, njaa ya jirani ni njaa yako, ila hakuna aliyewaambia kilichotokea. Redioni walisema tu kwamba kulitokea hitilafu.

"Wewe uko kulekule ofisini, mwanangu. Hitilafu gani?"

Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Angeweza kusema mtambo. Kwa namna fulani hata asingekuwa amedanganya, maana mtambo ulikosea kweli. Elinaja aliweka begi chini, akakaa juu ya tuta, ili asimwongeleshe mtu mzima akiwa amesimama juu yake.

"Hitilafu ni mimi, Mama."

Alisema yote kwa mara ya pili. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, maana huku hakuweza kutumia maneno kama kumbukumbu na makadirio. Ilibidi aseme: siku zile nilizokuwa nakuaga asubuhi na kijiti mkononi, nilikuwa naishia pale kwenye mwamba, nakaa kivulini, naandika uongo, narudi mchana unanipa uji. Ilibidi aseme: hizi mbegu unazofukua, ni kwa sababu ya uongo ule.

Mama Sima alisikiliza akiwa ameshika mpini kwa mikono miwili. Akaangalia beseni.

"Nilikukanda mguu ule siku kumi na mbili," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku nilikuwa hapa. Mzima, na miguu miwili. Kwa nini hukuniambia nikuendee?"

Tangu mwaka jana Elinaja alikuwa amejitafutia visingizio vya kila namna, mguu, jua, usahihi wa Shangazi, na kwa kila kimoja alikuwa na la kujitetea. Hili halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja, kwamba angeweza kumwomba mtu. Alikuwa wa kwanza darasani. Akalia kwa sauti.

Mama Sima alimwacha alie. Alipoona inatosha, aliweka kijembe chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akasema jua linapanda, na kama mashimo ni saba basi waanze. Akachukua kile kijiti mwenyewe.

Waliteremka pamoja hadi shimo la kwanza. Elinaja alifunua bati, akamwonyesha namna ya kukichomeka bila kukizungusha, na namna ya kukivuta polepole ili udongo usidondoke. Siku kumi hivi tu baada ya mvua ile kukatika, vumbi lilikuwa limeshika hadi chini. Unyevu ulionekana kwenye ncha tu, kidogo sana. Mama Sima alikisogeza karibu na macho, akahesabu alama kwa ukucha.

"Moja," alisema. "Andika moja."

Elinaja aliandika moja. Yalibaki mashimo sita, na siku arobaini.